Shukrani Kabla ya Kula

Grechka ndiyo iliyoanza kumtia kinyaa. Ni nafaka ya kahawia, punje zake zina pembe tatu, na ikishaiva hutoa harufu ya gunia lililonyeshewa mvua. Gulchiroy, mke wa mwanawe, aliichemsha kwa maji matupu, akaipakua kwenye sahani ya wageni kana kwamba sahani nzuri ingeisitiri, akaiweka mbele ya baba mkwe wake.

"Karibu, baba."

Fundi Hamdambek aliitazama kama mtu aliyeona unywele kwenye supu.

"Hii hata kuku wangu, ningewapa, wangenishtaki kwa mzee wa mtaa," alisema.

Kwa miaka thelathini na minane Hamdambek alikuwa amepika pilau ya harusi mjini Margilan, kwenye masufuria ya chuma ambayo ndama angeweza kuogeshwa ndani yake. Watu walikuwa hawapangi siku ya harusi kabla hawajamuuliza kama ana nafasi. Alikuwa na desturi ya kula wa kwanza, tena kutoka chini ya sufuria, pale mchele unapokunywa mafuta ya mkia wa kondoo mpaka ukang'aa. Kisha kiangazi kimoja akaanguka kando ya moto, mwiko mkononi. Hospitalini daktari, mwanamke mdogo mwenye miwani mikubwa, alisoma karatasi zake akatikisa kichwa.

"Mzee, hii si damu. Hii ni sharubati."

Tangu siku hiyo mafuta ya mkia yakapigwa marufuku nyumbani, na mchele mweupe, na mkate wa tanuri, hata lile donge la sukari alilokuwa akiliweka kwenye shavu kila anapokunywa chai. Badala yake zikaingia choroko, boga la kuchemsha, kabichi mbichi, uji wa shayiri na hiyo grechka. Na si yeye peke yake aliyekula. Gulchiroy alitangaza kwamba hapiki vyungu viwili kwa tumbo moja lililoharibika, basi nyumba nzima ikawa inatafuna majani. Hamdambek aliwaona wakitafuna, mashavu yakipanda na kushuka kama ya mbuzi, na hata hilo likamchafua roho.

Lakini chakula kilikuwa afadhali. Lililomshinda kabisa lilikuwa jambo la shukrani.

Kila Alhamisi zahanati iliwafundisha jamaa za wagonjwa wa sukari, na Gulchiroy alikuwa akienda na daftari. Siku moja akarudi na somo jipya: kabla ya kula, kila mtu akae kimya kidogo, kisha ataje jambo moja la siku hiyo, la humo humo nyumbani, analolishukuru. Muuguzi alikuwa amewaambia kwamba anayeanza kwa kushukuru hula polepole, na anayekula polepole hula kidogo.

"Sisi tunashukuru tukishashiba," Hamdambek alisema. "Tunanyanyua mikono, tunapangusa uso, imekwisha. Nani anashukuru kabla hajaona alicholetewa? Na akishakiona hiki, atashukuru kitu gani?"

"Jambo dogo tu, baba."

"Mimi nianze!" alidakia Ruhshona, mjukuu wake wa miaka saba. "Nashukuru leo paka hakunya kitandani kwangu."

Sharofat, mkewe Hamdambek, alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, akawa anautazama mvuke wa bakuli badala ya watu. "Mimi nashukuru mkwe wangu amenitilia dawa ya macho, na hakuniharakisha," alisema.

Javlon, mwana wao wa pekee, alijibu huku ameinamisha uso. "Nashukuru mama aliniwekea chai."

Maneno hayo yalimnata Hamdambek mwilini kama mafuta yaliyopoa. Chai! Mtu mzima mwenye ndevu anashukuru chai mbele ya watu! Alihisi kama amewafuma wote uchi.

"Baba, zamu yako."

"Nashukuru nimebakiwa na meno kumi na tisa. Yangekuwa yote, ningeusikia utamu wa hiki chakula zaidi."

Ruhshona alicheka mpaka akapaliwa. Sharofat hakucheka. "Baba Javlon," alisema, "ulimi wako nao ungepewa mfungo wake."

Ikawa hivyo kila jioni. Wao wanashukuru vijineno vyao, yeye anarusha kijembe, kisha wanatafuna.

Aliyemkera zaidi katika wote alikuwa Javlon. Hamdambek alikuwa ametaka mrithi wa sufuria. Akapata mtu wa kutengeneza cherehani, mwenye kibanda karibu na soko la hariri, vidole safi kama vya mkunga, anayenawa mikono mpaka kwenye viwiko. Javlon hakuweza kutazama kuku akinyonyolewa. Alipokuwa na miaka tisa, siku ya Idi ya kuchinja, baba yake alimpa miguu ya kondoo aishike. Damu iliporuka, mtoto akatapika juu ya viatu vya mzee wa mtaa. Hamdambek, mbele ya majirani wote, akasema: "Nilimwomba Mungu mwana, akanipa bibi harusi." Mtaa ulicheka siku hiyo, na ukaendelea kucheka miaka mingi. Hata sasa walikuwapo wazee waliomwita Javlon "bibi harusi" wakimpelekea cherehani za wake zao.

Mwishoni mwa kiangazi Hamdambek alinunua buti mpya. Buti zikamchubua chini ya kidole kidogo cha mguu wa kulia. Hakusikia maumivu, kwa sababu nyayo zake zilikuwa zimekufa ganzi kitambo, naye hilo pia hakumwambia mtu. Alipoona unyevu kwenye soksi alitia kitambaa, akavaa soksi nyingine juu. Kumwambia Gulchiroy? Angetoa daftari! Angewaambia washukuru malengelenge! Akanyamaza. Mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini nani hujisomea methali mwenyewe?

Mwezi wa kumi jirani yao Komiljon akamwoza mjukuu wake. Walikuja wazee watatu kumbembeleza: Fundi, hutashika mwiko, utasimama tu, vijana watakoroga. Gulchiroy akamfungia choroko kwenye kibakuli. Njiani Hamdambek alimmwagia mbwa wa Komiljon. Mbwa akanusa, akamtazama, akaondoka.

Alisimama kando ya moto tangu alfajiri, buti zimembana, akiamuru: ongeza karoti, punguza kuni, usiukoroge huo mchele kama unakoroga chokaa. Jua lilipochomoza wanaume wakaanza kuingia meza kwa meza kula pilau ya asubuhi, na mtu akampa sahani. Mdomo ulimjaa mate. Alikula ya kwanza kwa kijiko, ya pili kwa mkono, ya tatu akiwa amejificha nyuma ya lundo la kuni, mafuta yakimtiririka mpaka kwenye kifundo cha mkono, akayalamba. Alipofika nusu ya sahani hiyo ya tatu alisikia harufu. Nzito, tamu-tamu, harufu ya nyama iliyosahauliwa.

"Nyinyi!" aliwafokea wachinjaji. "Ondoeni hivyo vichwa vya kondoo, vimeanza kuoza! Mnataka kuwaua wageni?"

"Fundi, vichwa tumeviondoa tangu usiku."

Hakuamini. Akasogea upande wa pili wa ua, harufu ikaja naye. Akatoka barabarani, ikatoka naye. Aliilaani mifereji ya mtaa, akawalaani wachinjaji, akamlaani Komiljon kwa ubahili wa kununua nyama ya jana. Alifika nyumbani anatokwa jasho na meno yanagongana.

Ruhshona alikuwa uani akimchana nywele mwanasesere. Aliinua pua.

"Babu, umekanyaga nini?"

Hamdambek alikaa kwenye kitanda cha mbao cha uani, akavua buti. Soksi ilikuwa imegandana na ngozi. Alipoivuta ilitoka na kitu, na alichokiona chini yake hakikuwa kidole tena. Kilikuwa cheusi na kimelainika kama tende iliyokaa majini, na pembeni pakitoka maji ya rangi ya chai ya maziwa. Kumbe harufu ilikuwa yeye. Alikuwa amewatukana watu asubuhi nzima kwa uvundo wake mwenyewe.

Akatapika. Sharofat alikuja akipapasa ukuta, akamletea beseni kwa kufuata sauti. Sahani zote tatu zilirudi, punje nzima nzima, na kwa kuwa hewa ilikuwa ya baridi mafuta yakaanza kuganda juu ya beseni, meupe, kama mshumaa. Hamdambek aliyatazama mafuta yale aliyoyapenda kuliko watu wengi, akatapika tena kwa kuyaona.

Daktari mwenye miwani alikikata kidole siku iliyofuata. "Kidole kimekwenda," alimwambia. "Mguu nao uende au ubaki, ni juu yako. Kidonda kisafishwe mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, ndani kabisa, si juu juu. Na ule unachopewa."

Nani asafishe? Muuguzi wa mtaa alikuwa akipita mara moja kwa wiki. Sharofat alijitolea, akamwaga dawa kwenye zulia badala ya kidonda. Gulchiroy akaleta beseni, lakini Hamdambek akauvuta mguu chini ya blanketi. Mke wa mwanawe ashike uoza wake? Afadhali ukatwe mpaka gotini.

"Basi nitafanya mimi," alisema Javlon.

"Wewe?" Hamdambek alicheka kwa mara ya kwanza tangu hospitalini. "Utazimia, tuanze kukuuguza wewe."

Javlon alikunja mikono ya shati, akanawa mpaka kwenye viwiko, akavaa glavu, akapiga magoti. Aliukamata mguu wa baba yake kisiginoni, akauinua kwenye goti lake, akaanza. Alifungua bandeji, akamwagia maji ya dawa, akaingiza shashi kwa koleo dogo mpaka ndani ya tundu, akazungusha, akatoa ikiwa ya kijani. Akaingiza nyingine. Uso wake haukuwa na kitu, mkavu kama ukuta. Alipomaliza akafunga bandeji safi, akainuka.

"Naenda kumwaga maji," alisema, akatoka na beseni.

Alichelewa kurudi. Robo saa nzima, kumwaga beseni moja! Na jioni ikawa vile vile, na kesho yake. Hamdambek alilala akiuchambua uso ule mkavu wa mwanawe, akaupatia maana: anafurahi. Bibi harusi amepata siku yake. Ananiona ninaoza, halafu anakwenda kukaa nyuma ya nyumba, anavuta sigara, anajichekea. Alimchukia kwa hilo. Alijichukia pia, mguu wake, shuka zake zenye madoa, mdomo wake uliokuwa na ladha ya dawa na grechka saa zote. Jioni zamu ya kushukuru ilipomfikia alikuwa akisema "Mpiteni," nao wakampita.

Siku ya kumi na mbili, jioni jua halijazama, Javlon alisema anakwenda kumwaga maji. Hamdambek akachukua fimbo. Alitaka kumfuma na sigara yake, amwambie maneno aliyoyaandaa siku tatu. Alitembea kwa kisigino, akishika ukuta, mpaka nyuma ya nyumba ambako mfereji unapita chini ya mipera ya kizungu, ile izaayo matunda ya manjano yenye ukakasi.

Beseni lilikuwa chini, limeshamwagwa. Javlon alikuwa amepiga magoti ukingoni mwa mfereji, mkono mmoja umekumbatia shina, anatapika. Mgongo ulimpanda na kushuka. Alitapika mpaka ikabaki nyongo, akasukutua mdomo, akatapika na maji aliyosukutulia. Kisha akakaa kitako matopeni, akapangusa macho kwa bega, kwa kuwa mikono yake alikuwa ameinyoosha mbali na mwili, kama si yake.

Hamdambek alisahau maneno yake yote.

"Tangu lini?" aliuliza.

Javlon alishtuka. Alijaribu kusimama, akateleza matopeni. "Baba, utauchafua mguu. Rudi ndani."

"Nimekuuliza tangu lini."

"Tangu siku ya kwanza."

"Kila siku?"

"Mara mbili kwa siku," alisema Javlon, na akatabasamu kidogo, midomo imemkauka. "Asubuhi ni mbaya zaidi. Nimeacha kunywa chai mapema, maana inarudi."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, ungeniita nani?"

Fimbo ilizama kwenye udongo laini. Hamdambek aliliona jina lile, neno lenyewe, likimrudia mdomoni na ladha yake, akalimeza kama mtu anayemeza matapishi. Alimkumbuka mtoto wa miaka tisa, mikono imejaa damu ya kondoo, anamtazama babaye ili ajue afanye nini. Na yeye akageuka akawachekesha majirani. Katika yote yaliyomtia kinyaa mwaka ule, kidole na soksi na mafuta yaliyoganda, hakuna lililomgeuza tumbo kama hili. Hili lilikuwa limekaa ndani yake miaka ishirini na saba, naye hajalisikia harufu.

"Mimi nisingeweza," alisema hatimaye.

"Nini?"

"Mguu huu. Ungekuwa wako. Nisingeweza kuushika. Ningemlipa mtu."

Javlon alitikisa kichwa. "Hapana, baba, ungeweza."

"Nimekwambia nisingeweza! Usinibishie, nakusifu hapa!" Hamdambek alifoka, na wote wawili wakashangaa, kwa sababu lilikuwa jambo ambalo halijapata kutokea.

Jioni ile Gulchiroy alipakua choroko na boga. Ruhshona akashukuru jino lililong'oka. Sharofat akashukuru kwamba ameiona rangi ya boga, walau rangi. Ilipofika zamu ya mzee, Gulchiroy alikwisha fungua kinywa kumpita.

"Ngoja," alisema Hamdambek. Alizungusha kijiko mpaka mvuke ukaisha kwenye mabakuli. Alikasirika na kuona haya kwa pamoja, shingo ikamwiva. "Namshukuru," alisema, "namshukuru Javlon. Kwa kumwaga maji."

"Maji gani?" aliuliza Ruhshona.

"Kula, mtoto wewe!"

Javlon aliinamia bakuli lake. Mabega yalimtikisika, na Sharofat, asiyeona vizuri, aliunyoosha mkono kumpapasa akidhani analia. Alikuwa anacheka. Labda vyote viwili.

Choroko zenyewe zilikuwa mbaya. Hilo halikubadilika. Hamdambek alizitafuna, na kwa kuwa siku hiyo hakuwa na hasira ya kumshughulisha, alizionja vizuri kwa mara ya kwanza, akajua ubaya wake uko wapi.

"Mkwe," alisema, "kitunguu unakitia lini?"

"Pamoja na maji, baba."

"Astaghfirullah." Aliweka kijiko chini. "Miezi mitatu tunakula kitunguu kilichozama! Kesho nisogezeeni kiti jikoni."

Kesho yake alikaa jikoni, mguu juu ya kigoda, akaamuru. Mafuta ya mbegu za pamba, kijiko kimoja, naam, kimoja tu, nimesikia. Kitunguu mpaka kiwe rangi ya asali. Bizari nzima ikandwe kwenye kiganja kwanza. Choroko zikipasuka, ndipo shayiri, na kipande cha pera la kizungu juu. Gulchiroy aliandika yote kwenye daftari lake la zahanati, upande wa nyuma. Haikuwa pilau. Hamdambek aliwaonya mapema kwamba yeyote atakayeiita pilau atatoka nje. Lakini Ruhshona alilamba bakuli, na Javlon akala mara mbili. Grechka peke yake ilimshinda fundi. Aliikaanga, akaichemsha kwa mchuzi wa mifupa, akaitia nyanya, ikabaki na harufu ya gunia. Waliila Jumatatu na Alhamisi kama adhabu.

Jambo jingine alilifanya bila kulitangaza. Alimwomba Sharofat amchumie nanaa yote iliyobaki ukutani kabla baridi haijaiua, akaichemsha mwenyewe. Tangu hapo kabla Javlon hajapiga magoti alikuta beseni la maji ya nanaa likifuka mvuke pembeni, na leso iliyochovywa humo, imekunjwa. Siku ya kwanza Javlon aliishika leso akaitazama.

"Ya nini?"

"Ya pua. Ifunge. Na ukitaka kwenda, nenda, usinimalizie haraka haraka kwa aibu. Kidonda hakina haraka."

Wakati mwingine Javlon alikwenda, wakati mwingine hakwenda. Akirudi, baba yake alikuwa amemmiminia chai, ile ya kijani isiyo na sukari, nusu piyala, kikombe kisicho na mshikio, kama amiminiwavyo mtu anayeheshimiwa. Hawakuzungumza mengi. Mara moja Javlon alimweleza jinsi cherehani ya zamani inavyolia sindano yake inapokaribia kuvunjika, na Hamdambek akasikiliza mpaka mwisho, jambo lililomchosha kuliko alivyotarajia.

Komiljon alipokuja kumjulia hali, aliuliza kwa mzaha kama bibi harusi bado anamwogesha mguu. Hamdambek aliweka piyala chini.

"Komiljon, harusini kwako nilisema nyama yako imeoza. Nilikosea, ulikuwa mguu wangu. Nisamehe. Lakini hilo jina nililitunga mimi, na leo nalirudisha kwangu. Ukilitaja tena humu ndani, utatoka bila viatu."

Komiljon alikunywa chai yake, akasifu choroko, akaenda zake.

Kidonda kilifunga mwishoni mwa mwezi wa pili wa mwaka mpya. Daktari alivua miwani, akaivaa tena, akaligusa kovu kwa kidole, akasema damu yake nayo imeacha kuwa sharubati, sasa ni chai yenye sukari kidogo. Walirudi nyumbani kwa miguu, polepole, Javlon akimshika mkono pale penye barafu.

Ruhshona alidai aone. Hamdambek akavua soksi, akaunyoosha mguu kwenye mwanga wa dirisha. Kovu lilikuwa limejikunja, jekundu, linametameta, na vidole vinne vilivyobaki vilikuwa vimeinama upande huo kama vinachungulia shimo. Mtoto alilisogelea mpaka pua ikakaribia kugusa.

"Linachukiza, babu."

"Sana," alisema Hamdambek, akalitazama pamoja naye.

Kutoka jikoni Gulchiroy aliita kwamba leo ni Alhamisi, grechka imeiva, na kila mtu mle ndani akaguna kwa pamoja.